Uzi: Stima ya Nairobi ilianzia kwa Sultani wa Zanzibar? Mbona miaka haiingiani

#1 Karatasi_Kuukuu
Wadau, salaam. Nimekuwa nikipekua historia ya kampuni yetu ya stima, ile inayonakiliwa kila mahali bila mtu kuigusa. Inakwenda hivi: mwaka 1875 Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuwashia taa jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua jenereta hiyo, na hapo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya pekee ya kuuza umeme Nairobi, ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 zote mbili zikaungana, zikawa East African Power and Lighting. Mwaka 1983 jina likawa Kenya Power and Lighting.

Nina maswali mawili. Balbu ya Edison ni ya 1879. Sasa huyo Sultani 1875 alikuwa akiwasha nini? La pili, tunaambiwa jina lilibadilishwa 1983 kwa sababu kampuni ilikuwa imebaki Kenya pekee. Lakini Uganda walitoka kwenye kampuni hiyo 1948 na Tanzania 1964. Hiyo miaka 19 walikuwa wakingoja nini?

Wenye kujua wamwage hapa.

#2 Mvita_Asili
Mbona swali la kwanza halina hata ugumu, ndugu yangu. Nyinyi watu wa bara mkubali tu kwamba stima iliwafikia kutoka pwani, kama reli. Unguja, kisha Mombasa, kisha huko kwenu kwenye baridi. Hayo ya Edison waachie Wamarekani.

#3 Wa_Ruiru
@Mvita_Asili pole pole. Hiyo jenereta ya Sultani haikuwahi kuwasha hata taa moja Nairobi. Soma vizuri alichoandika mwenye uzi: ni kampuni mbili, kila moja na mtaji wake na mashine zake. Ya kwenu ilikuwa ya kisiwa. Ya Nairobi ilipata nguvu kutoka maporomoko ya mto Ruiru, huku kwetu, maji yakizungusha mtambo na waya zikaenda mjini. Ndoa ilifungwa 1922. Kusema stima ya Nairobi imetoka kwa Barghash ni kumpa mtoto babu wa upande wa mkwe.

#4 Mvita_Asili
Babu wa upande wa mkwe ni babu vilevile.

#5 Shiru_wa_Jogoo
Swali la mtu asiyejua: huyu Jeevanjee ndiye yule wa bustani pale Moi Avenue, wanakohubiri mchana? Alikuwa na stima pia?

#6 Karatasi_Kuukuu
Hapana, ni wawili tofauti na watu huwachanganya sana. Wa bustani ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, mkandarasi wa reli, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard ambalo baadaye likawa Standard. Bustani aliitoa 1906. Huyu wa jenereta ni Harrali Esmailjee Jeevanjee wa Mombasa. Jina la ukoo moja, vitabu viwili vya mahesabu.

#7 FundiNguzo
Nimeona swali la Edison likipita bila kujibiwa na mtu wa kazi, ngoja niingie.

Taa ya umeme haikuanza na balbu. Kabla ya balbu kulikuwa na taa za vijiti viwili vya kaboni. Unavisogeza karibu, umeme unaruka katikati, unatoa mwanga mweupe mkali unaoumiza macho. Taa hizo zilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 19, shida ilikuwa chanzo cha umeme, maana betri zilikuwa ghali na hazidumu. Dainamo ya Gramme ndiyo iliyobadilisha mambo, hiyo ni 1871. Kufikia 1875 mtu mwenye fedha angeweza kununua dainamo, injini ya mvuke ya kuizungusha na taa kadhaa za kaboni. Ni taa za uani, gati na mtaa. Chumbani huwezi, zinavuma, zinatoa moshi na vijiti vinaliwa inabidi vibadilishwe.

Na ukitazama, hadithi yenyewe inasema jumba na mitaa ya karibu. Mitaa! Taa za kaboni hasa.

#8 Ochieng_Kibanda
FundiNguzo leo umetufunza bila malipo. Lakini inawezekana si sawa na ilifanyika. Kwamba mtu angeweza kununua haimaanishi alinunua. Mwaka 1875 hata miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikitumia gesi. Kituo cha Edison cha Pearl Street kule New York kilianza 1882. Unataka kuniambia Unguja iliwatangulia kwa miaka saba?

#9 FundiNguzo
Pearl Street ni kituo cha kuuzia watu umeme wa balbu kwa waya na mita. Jenereta ya mtu mmoja nyumbani kwake ni jambo jingine kabisa. Hata leo ploti yenye jenereta yake si kampuni ya umeme.

#10 Bi_Shangani
Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, nimeolewa Nairobi South C, na nimechoka kuona Barghash akizungumzwa kana kwamba alikuwa mzee wa kijiji.

Mwaka 1875 ndio mwaka Barghash alipokwenda Uingereza. Alialikwa baada ya ule mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Alifika London, akazungushwa kwenye viwanda na mitambo. Aliporudi ndipo akaanza mambo yake makubwa: maji ya bomba mjini, meli za mvuke, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib, jumba lililojulikana kwa taa zake za umeme. Ile ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, Mungu atusaidie.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Ama aliagiza jenereta safarini 1875 na ikafika baadaye, ama mtu fulani alipokuwa akiandika historia ya kampuni alichukua mwaka wa safari akaubandika kwenye jenereta. Taa za Beit al-Ajaib za 1883 zinaingia akilini, maana balbu zilikuwa zimekwisha kuwepo.

#11 Ochieng_Kibanda
Sasa hapo umenena. 1883 naikubali. 1875 mniachie.

#12 Mvita_Asili
@Bi_Shangani ahsante sana mama. @Ochieng_Kibanda wewe unakubali mwaka kama unanunua samaki Gikomba.

#13 Wa_Ruiru
Kuna jambo jingine mnaliruka. Tuseme ni 1875. Hadi 1908 mashine ina miaka 33. Tuseme 1883, ina miaka 25. Katikati hapo kuna tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja. Nani ananunua dainamo ya umri huo, iliyopita kwenye vita, ili aanzishe nayo kampuni ya umeme ya mji wa bandari?

#14 FundiNguzo
Dainamo za zamani ni chuma na shaba tupu. Ukibadilisha beringi na kuzungushia waya upya inaamka. Nimeona mota za viwandani Industrial Area zina umri kuliko mwenye kiwanda. Lakini nakubali kwamba kuwasha mji kwa dainamo ya jumba moja haitoshi. Nadhani alinunua kilichokuwepo kwa bei ya kutupwa, akaonyesha kwamba anao mtambo, akapata kibali. Halafu akaagiza mingine. Wafanyabiashara ndivyo walivyo.

#15 Bi_Shangani
Na kumbuka Unguja karne ya 20 ilipoanza kulikuwa na mashine mpya. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, ikaanza 1905. Huenda mambo ya zamani ya jumbani yalikuwa yanaondolewa. Mashine kuukuu kuvuka kwenda Mombasa si ajabu.

#16 Shiru_wa_Jogoo
Kwa hiyo jibu ni gani? Mimi nina mtoto wa sekondari anafanya insha 😅

#17 Ochieng_Kibanda
Mwambie aandike kwamba wazee wanagombana.

#18 Daftari_la_Babu
Nimefuata kimya tangu juu. Naomba turudi Nairobi, maana uzi unasema Nairobi na mko Forodhani mnakula urojo.

Kwanza, mwaka 1908 Nairobi haikuwa jiji. Ilikuwa kijimji cha reli cha miaka tisa tu, reli ilifika hapa 1899. Hati ya jiji ilipatikana 1950. Kwa hiyo Hertzel (wengine wanaliandika Hirtzel) alipopewa haki ya pekee, alikuwa akiuzia karakana za reli, ofisi za serikali, hoteli na nyumba za Wazungu. Ndiyo maana maji ya Ruiru yalitosha.

Yalipoacha kutosha wakaenda Thika. Kituo cha Ndula kwenye mto Thika ni cha 1925, megawati mbili hivi. Kisha wakashuka Tana miaka ya 30. Ukiangalia ramani, kampuni ilikuwa ikifuata mito ya Murang'a mmoja baada ya mwingine. Babu yangu alifanya kazi ya kupanda nguzo wakati wa East African Power and Lighting. Alikuwa akisema wao walijua mji umekua kwa kuhesabu mito iliyofungwa.

#19 Nyokabi_T
Ndula! Mimi ni wa karibu na hapo. Watu wengi wanapita barabara ya Garissa hawajui kwamba hapo chini kuna mahali palipokuwa pakiwasha Nairobi. Sasa hivi pamestaafu, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hawazalishi tena hapo. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kwenda karibu na mfereji, tukaenda.

Kitu kilichokuwa kikinishangaza ni kwamba nguvu zilitoka kwetu zikaenda Nairobi, lakini nyumbani kwa nyanya tulisoma kwa koroboi hadi nilipomaliza shule ya msingi. Waya zilipita juu ya shamba.

#20 Binti_Kaloleni
@Nyokabi_T si nyinyi peke yenu. Nyanya yangu aliishi Kaloleni tangu ujana wake, Nairobi kabisa, unaona moshi wa Industrial Area. Alikuwa akisimulia kwamba taa za mjini waliziona kwa mbali usiku, upande wa Hill, na wao kwa nyumba ni taa ya mafuta na pasi ya makaa. Alipoingiziwa stima hakuamini kwamba kuzima ni kugusa ukutani tu, akawa bado anapuliza. Mjomba huwa anaapa hilo ni kweli, mama anasema mjomba anaongeza chumvi.

#21 Daftari_la_Babu
Chumvi au sukari, maana yake iko palepale. Kampuni ilikuwa ya wenye hisa. Iliuza kwa anayelipa. Mitaa ya Waafrika haikuwa sokoni machoni mwao. Si siri.

#22 Ochieng_Kibanda
Hapo nina shaka kidogo. Si ni halmashauri ya mji iliyojenga hizo nyumba? Kama mwenye nyumba haweki waya, kampuni ingefanyaje? Msiwatupie lawama wote wakati mwenye jengo alikuwa halmashauri na reli.

#23 Binti_Kaloleni
Wote wawili walikuwa watu walewale wakinywa chai kwenye klabu moja.

#24 Kariakoo_Mzalendo
Wakuu habari za Nairobi. Nipo Dar, nimevutwa na uzi huu na nina marekebisho mawili.

Mosi, mnajisifu na 1908. Hata sisi ni 1908. Wajerumani waliweka umeme Dar es Salaam mwaka huo kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Kwa hiyo Nairobi, Mombasa na Dar ni mapacha watatu.

Pili, mmesema kampuni yenu ilikuwa na Tanganyika. Taarifa kamili ni kwamba 1931 serikali ya Mwingereza iliukabidhi umeme wa Tanganyika kwa kampuni mbili binafsi: DARESCO ya Dar es Salaam na mikoa ya jirani, na TANESCO ya upande wa kaskazini. Hiyo TANESCO ndiyo wakubwa wa Nairobi waliyoshika hisa nyingi 1932. Ndiyo iliyojenga Pangani Falls ili Tanga na mashamba ya mkonge yapate umeme. Mwaka 1964 serikali yetu ikanunua hisa zao. Kwa hiyo, wakuu, sisi hatukuwahi "kutoka" kwenu. Tuliwanunua mkaondoka.

#25 Mvita_Asili
😂😂 Huyu amekuja na risiti.

#26 Karatasi_Kuukuu
@Kariakoo_Mzalendo karibu sana kaka. Hapo ndipo swali langu la pili linapata nguvu. 1964 Tanzania imeshanunua hisa. Uganda imeondoka 1948 ilipoundwa Uganda Electricity Board. Kwa nini kampuni ya Nairobi iliendelea kujiita ya Afrika Mashariki hadi 1983?

#27 Mukasa_Eastlands
Mimi Mganda wa Buru Buru, niongeze la kwetu. Uganda Electricity Board iliundwa kwa sababu ya mto Nile. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilizinduliwa na Malkia Elizabeth mwenyewe Aprili 1954. Siku hizi mtambo huo unaitwa Nalubaale.

Na Nairobi iliponunua umeme kutoka kwetu, mliunda kampuni nyingine kabisa ya kujenga laini. Laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Juja Road, Nairobi. Mkataba ulikuwa wa megawati 30 kwa miaka 50. Msisahau hilo mnapotucheka kuhusu matoke.

#28 Daftari_la_Babu
Hiyo kampuni nyingine ndiyo sehemu tamu kuliko zote na watu wengi hawaijui. Iliitwa Kenya Power Company. Iliundwa tarehe 1 Februari 1954, ikiwa chini ya usimamizi wa East African Power and Lighting. Baadaye miaka ya 90 zikatenganishwa, na hiyo Kenya Power Company ndiyo leo inaitwa KenGen, tangu 1998.

Halafu 2011 ile nyingine, inayosambaza, KPLC, ikajibandika jina la Kenya Power.

Kwa hiyo ukisoma gazeti la zamani limeandika Kenya Power, si Kenya Power unayonunua tokeni kwake. Ni mamake KenGen.

#29 Shiru_wa_Jogoo
Mtoto wangu ameacha hiyo insha, sasa anataka kufanya ya mahindi.

#30 FundiNguzo
@Mukasa_Eastlands laini ya Tororo naiheshimu. Wazee walionifunza kazi walisema ilipowashwa, mitambo ya dizeli na mvuke mjini ilipumzika. Miaka kumi baadaye tukaanza wenyewe kwenye Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mradi unaitwa Seven Forks.

#31 Ochieng_Kibanda
Nimehesabu mabwawa matano.

#32 FundiNguzo
Najua. Usianze.

#33 Kamaa_Zimmerman
Kwa wanaotaka historia ya karibu: tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, zikapotea zaidi ya megawati 180 na nchi nzima ikawa giza. Tumbili alipona akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori. Kampuni iliyoanza na Sultani ikaangushwa na tumbili.

#34 Wa_Ruiru
Haikuanza na Sultani!!! Rudi namba 3.

#35 FundiNguzo
Na tumbili hakuangusha nchi peke yake. Transfoma moja ikizima, mashine zilizobaki zinabebeshwa mzigo ghafla. Zikizidiwa zinajizima zenyewe ili zisiungue. Moja ikijitoa inayofuata inazidiwa zaidi. Ndani ya sekunde chache hakuna kitu. Ndivyo hata giza la Agosti 2023 lilivyosambaa nchi nzima mpaka uwanja wa ndege. Chanzo huwa tofauti, mwendo ni uleule. Wakati wa Ruiru na Ndula jambo hili halikuwezekana kwa sababu kila mji ulijitegemea. Mombasa ikizima, Nairobi haijui.

#36 Mvita_Asili
Hivyo tuliunganishwa ili tuzimike pamoja.

#37 Nyokabi_T
Tuliunganishwa pia ili ukame ukija tusaidiane. Mnakumbuka mgao wa 2000? Tana ilikauka, mabwawa yakawa matope. Nilikuwa nafanya kazi saluni, tunaanza kunyoa saa kumi na moja asubuhi kwa sababu mchana hakuna stima. Wanaume walikuja wamelala bado. Tungekuwa na mito midogo ya Murang'a peke yake tungerudi kwenye karabai. Kilichosaidia ni dizeli na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maana mvuke haujali mvua.

#38 Kamaa_Zimmerman
Ukizungumzia mgao, mimi mwenye ploti wangu wa zamani alikuwa kampuni ya umeme kamili. Mita moja, wapangaji wote, swichi kuu iko chumbani kwake. Saa nne usiku anazima, eti mnapika na koili. Ukichelewa na kodi unashangaa chumba chako peke yake kina "hitilafu". Tokeni za mita ya kila mtu zilipokuja nilihisi kama nimepata uraia.

#39 Binti_Kaloleni
Na yeye haki ya pekee alipewa na nani? 😂 Hertzel wa Zimmerman.

#40 Karatasi_Kuukuu
Jamani 1983. Nawasihi.

#41 Ochieng_Kibanda
Haya, yangu ni rahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Baada ya hapo neno "East African" likawa chungu. Mali za jumuiya zilikuwa zinagawanywa hadi 1984 mkataba uliposainiwa Arusha. Nani angetaka kampuni yenye jina hilo ionekane kama mali ya kugawana?

#42 Daftari_la_Babu
Hapana. Shirika la reli, la ndege, la bandari na la posta ndizo zilizokuwa za jumuiya. East African Power and Lighting haikuwahi kuwa ya jumuiya. Ilikuwa kampuni ya hisa, iliyoorodheshwa soko la hisa la Nairobi 1954, mwaka soko lenyewe lilipoanza. Hakuna Mtanzania angekuja kudai nguzo za Juja Road.

#43 Kariakoo_Mzalendo
Tungeweza kujaribu.

#44 Wa_Ruiru
Na hoja ya jina kuwa chungu inavunjwa na East African Portland Cement. Iko Athi River hadi leo na jina lake halijawasha mtu. East African Breweries nayo, watu wanakunywa tu bila uchungu.

#45 Bi_Shangani
Sijui siasa za Kenya lakini nadhani mnaisahau serikali. Ikiwa serikali ndiyo yenye hisa nyingi, na mradi wa mabwawa ni wa taifa, na mvuke wa Olkaria umeanza 1981, itataka jina la taifa. Hata kwetu kila kitu kilibadilishwa jina, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwaka ule na si mwingine.

#46 Kamaa_Zimmerman
Mimi nafuata kalenda. Agosti 1982 jaribio la mapinduzi. Septemba 1983 uchaguzi wa mapema. Katikati hapo kila kitu kilikuwa kinapakwa rangi ya taifa. Ni Nyayo hiyo, siasa ya Rais Moi.

#47 Ochieng_Kibanda
Kila kitu kisichojulikana mnasema ni Nyayo. Maziwa ya shule, Nyayo. Jina la stima, Nyayo.

#48 Kamaa_Zimmerman
Maziwa ya shule YALIKUWA ya Nyayo.

#49 FundiNguzo
Mimi nitawapa sababu ya kazini, haina utamu. Kampuni ya umeme ikibadilisha jina, inabidi ibadilishe hati za ardhi za kila kituo, vibali vya kupitisha waya kwenye mashamba ya watu, mikataba ya mikopo, mkataba wa Uganda, cheti za hisa. Laini ya Tororo peke yake imepita kwenye maelfu ya mashamba. Hakuna meneja anayeamka asubuhi akajitafutia kazi hiyo. Jina linakaa hadi kuwe na jambo jingine kubwa linalowalazimisha kufungua makabati. Jambo lipi, sijasema.

#50 Karatasi_Kuukuu
Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haina shujaa. Lakini bado umenirudisha kwenye "jambo lipi".

#51 Mukasa_Eastlands
Kwetu tuliivunja UEB 2001, tukapata kampuni tatu, kisha usambazaji ukapewa kampuni inayoitwa Umeme kuanzia 2005. Machi 2025 mkataba wake ukaisha, serikali ikachukua tena. Nyinyi mnalilia jina moja lililobadilika mara moja?

#52 Daftari_la_Babu
Mara moja? Hesabu: Syndicate, East African Power and Lighting, Kenya Power and Lighting, kisha hiyo Kenya Power ya 2011. Na wenyeji wote walipita majina hayo wakisema "watu wa stima".

#53 Chege_Githurai
Samahani kuingilia, nimeona mmetaja cheti za hisa. Marehemu baba mkubwa aliacha cheti kimeandikwa East African Power and Lighting Company Limited, hisa zake chache, karatasi imekunjika lakini muhuri unaonekana. Familia ilikuwa inataka kuitupa pamoja na magazeti. Je, hiyo ni kitu au ni kumbukumbu tu?

#54 Daftari_la_Babu
USITUPE. Kampuni kubadilisha jina hakuui hisa. Kampuni ni ileile, serikali ina asilimia 50.1 na wengine wote wanagawana iliyobaki, na baba mkubwa wako yumo humo. Mnahitaji barua ya mirathi kutoka mahakamani, kisha mnaenda kwa msajili wa hisa wa kampuni. Kama gawio lilikaa miaka mingi bila kudaiwa, huenda limehamishiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Huko nako mnaweza kudai. Usimlipe wakala wa mtaani anayekuambia ana mtu ndani.

#55 Chege_Githurai
Asante sana mzee. Sikujua kabisa.

#56 Mvita_Asili
Kumbe tunaye mrithi wa Sultani Githurai.

#57 Wa_Ruiru
Mrithi wa RUIRU.

#58 Karatasi_Kuukuu
@Chege_Githurai ndugu yangu, cheti kina tarehe gani? Na nyuma kuna muhuri wowote wa kubadilishwa jina? Baadhi ya kampuni zilikuwa zikigonga muhuri juu ya cheti za zamani badala ya kutoa mpya. Kama kuna mwezi wa 1983 hapo, tutajua angalau azimio la wenye hisa lilipitishwa karibu na lini. Piga picha, ficha jina na namba.

#59 Chege_Githurai
Cheti kiko kwa shangazi. Nimempigia sasa hivi, nikamwambia watu wa mtandaoni wanataka kuona upande wa nyuma. Ameniuliza watu gani, wanaishi wapi, na kwa nini hawakukitaka wakati familia ilipokuwa inataka kukitupa. Nitaenda Jumapili na sukari kilo mbili.

#60 Ochieng_Kibanda
Beba na unga.